Kaka, Mwaka Wako wa Nyoka Ninao Mimi

Duka la Supu la Mama,
Sanbuk,
Jumanne, tarehe 4 Februari.

Kwa Kaka yangu Gyu-bae,

Shikamoo. Natumaini miguu yako bado iko miwili, na kwamba kichwa walichokunyoa hapo kambini hakijapoteza masikio kwa baridi. Sisi huku ni wazima. Mama ni mzima. Goti lake linalalamika theluji ikianguka na linanyamaza wateja wakijaa. Mbwa wetu Kongi ni mzima na amenenepa, maana ile mifupa uliyokuwa ukimnyang'anya kwa utani sasa anaila yote bila usumbufu. Mimi ndiyo usiseme. Nimezidi kupendeza. Nikipita na pikipiki kupeleka supu, wasichana wa saluni wanaacha vichwa vya watu kwenye maji wakimbilie dirishani. Ukimuuliza Mama atakataa, lakini Mama hakai saluni.

Najua unageuza karatasi hii huku na huku kutafuta ni nani aliyeiandika. Ni mimi, tena kwa mkono wangu, na nimeharibu karatasi tatu tu. Simu mnapewa Jumapili, nusu saa, na nusu saa hiyo Mama anaimaliza kwa kukuuliza kama umekula. Unamwambia umekula, anakuuliza umekula nini, unamwambia, anakuuliza tena kama umekula. Hata angenibakizia dakika moja, jambo nililonalo si la kusema Mama akiwa ametega sikio.

Basi kabla hujasoma zaidi, nisikilize. Iko bahasha ya buluu, imetumwa kwako wiki moja kabla ya Mwaka Mpya wetu wa kalenda ya mwezi, na anwani imeandikwa kwa mwandiko wa mgeni, mkubwa na wa duara. Kama imefika na hujaifungua, iweke chini ya godoro umalize kwanza hii. Kama umeshaifungua na umekasirika, kaa chini, vua buti, unisome taratibu. Kama umeifungua mbele ya wenzako wakaisoma kwa sauti, basi mimi sina la kusema, nisamehe tu.

Mama alikwambia kwamba kile chumba cha juu amekipangisha kwa shule ya msingi, na kwamba anakaa mwalimu wa Kiingereza. Hamkuonana kwa sababu ulipokuja kuaga mwezi wa kwanza yeye alikuwa mji mkubwa na watoto kwenye kambi ya likizo. Jina lake Tomos. Anatoka Welisi, baba yake anafuga kondoo, nywele zake ni nyekundu kama unga wa pilipili, na ni mrefu kiasi kwamba kizingiti cha ngazi yetu kimeshaingia alama ya paji lake la uso. Wiki ya kwanza alikigonga mara tisa. Kongi alikuwa anakaa chini ya ngazi kila asubuhi kusubiri.

Siku anafika, mwezi wa Agosti, jua limekaa juu ya mji kama mfuniko wa sufuria, aliletwa na Bwana Hwangbo kwa gari lake. Bwana Hwangbo unamkumbuka, yule aliyenifundisha darasa la nne na kuniita Kelele mpaka wenzangu wakasahau jina langu. Sasa ndiye makamu mkuu wa shule. Mama akanituma nikabebe masanduku. Pale kwenye ngazi, kabla hata ya kuuliza jina, nikamuuliza swali lile la kwanza ambalo yeyote wetu angeuliza: umezaliwa mwaka gani? Akajibu kwa lugha yetu, kwa sauti ya mtoto anayesoma ubao, kwamba amezaliwa elfu mbili na mbili, Mwaka wa Farasi. Mnyama kamtaja kabisa, ili nijue amejifunza.

Kaka, hebu fikiria ungekuwa mimi. Tangu nizaliwe mimi ni wa chini. Nyumbani mdogo ni mimi. Kwenye ukoo mdogo ni mimi. Dukani anayetumwa kitunguu ni mimi. Nimewasalimia kwa kuinama watu wote wa mji huu, hata wale wasiofaa kusalimiwa. Sasa anatokea mtu wa kuishi juu ya kichwa changu, mwenye shahada ya chuo kikuu, kanizidi miaka mitatu, nimpe shikamoo asubuhi na jioni ndani ya nyumba yetu wenyewe! Mdomo ukafunguka kabla sijaupa ruhusa. Nikamwambia, "Elfu mbili na moja. Nyoka."

Ndiyo, Kaka. Mwaka wako. Niliuchukua kama ninavyochukua koti lako, kwa sababu ulikuwa umetundikwa karibu.

Yule mtu aliweka sanduku chini, akaunganisha miguu, akainama mpaka nywele zikafagia ngazi, akasema, "Shikamoo, Kaka." Nikaitikia marahaba kwa sauti ya tumboni. Nakwambia ukweli, utamu wa neno lile nilitembea nao siku tatu.

Na si kwamba sikumfaa. Muulize yeyote hapa nani alimfundisha Tomos kuishi na watu, watakutajia mimi, na wasipokutajia ni wivu. Nani alimfundisha kupokea kitu kwa mikono miwili? Nani alimzuia asisimamishe vijiti kwenye wali kama wali wa matanga? Alikuwa ananimiminia pombe ya soju kwa mikono miwili na yeye anakunywa amegeuza uso pembeni, adabu mpaka wazee wa meza ya pili wanawaambia wajukuu zao, tazameni mzungu. Hashiki kijiko kabla sijashika changu. Siku moja nilikuwa nasimulia kitu nikasahau kula, supu yake ikapoa mpaka mafuta yakaganda juu, naye ametulia tu, amekunja mikono mapajani. Kila nikimfundisha jambo analiandika kwenye daftari lake dogo la kijani. Juu yake kaandika: Sheria za Kaka.

Sitakuficha, sheria nyingine nilizitunga mwenyewe. Kwamba Jumamosi mdogo huosha pikipiki ya mkubwa. Kwamba kipande cha mwisho cha nyama hakiulizwi, kinakwenda kwa mkubwa. Kwamba mkubwa akichelewa kuamka mdogo ndiye anayemweleza Mama sababu. Yote aliyaandika, na tarehe akaweka.

Lakini wewe ulinificha kitu, Kaka. Hukuniambia kwamba ukubwa una gharama. Siku ya kwanza tumekwenda kula tambi, nimekula vizuri, nimefuta mdomo, namtazama, naye ananitazama kwa heshima zote, hagusi pochi yake. Mkubwa ndiye analipa. Hiyo sheria alikuja nayo mwenyewe kutoka semina yao ya walimu. Vuli ilipoingia akawa anatetemeka, nikampa sweta langu la sufu. Alipougua tumbo nilimpikia uji. Nikaanza kuelewa kwa nini wewe siku zote ulikuwa na viatu vilivyochakaa kuliko vyangu.

Sasa njoo kwenye kisa cha wino mwekundu, maana huko ndiko mambo yalikochanganyika.

Mwezi wa Oktoba Tomos alitaka kuwafurahisha wanafunzi wake. Wako thelathini na mmoja tu shule nzima. Akawatengenezea kila mmoja kadi ya jina, lugha yetu juu, Kiingereza chini, na maua pembeni. Na majina yote, ya watoto wazima wanaocheka na kukimbia, akayaandika kwa wino mwekundu. Thelathini na moja, kama orodha ya marehemu. Wa darasa la kwanza walianza kulia, wa darasa la sita wakaficha kadi chini ya madawati wasizione. Jioni ile bibi yake Sol-bi, yule anayeuza tofu ya soya, alikwenda shuleni akamwaga chumvi mlangoni pa darasa la Kiingereza, akatangaza kwamba mjukuu wake hakanyagi tena humo mpaka aliyemzika aje kumfukua.

Tomos alikuja nyumbani mweupe kama hiyo tofu. Kwao, akasema, nyekundu ni rangi ya sherehe. Akasema anafunga masanduku, hawezi kusimama tena mbele ya watoto aliowatisha hivyo. Akaniuliza, Kaka nifanye nini?

Ungefanya nini wewe? Mimi nilivaa shati lile jeupe la msibani kwa Baba, nikampandisha nyuma ya pikipiki, tukaenda. Bwana Hwangbo alikuwa ofisini. Niliinama mpaka kiuno kikalia, nikasema huyu ni mdogo wangu hapa mjini, mimi ndiye niliyekuwa na kazi ya kumfundisha, jambo hili sikumfundisha, kwa hiyo nigombezwe mimi. Bwana Hwangbo aliinua miwani. Anajua mwaka niliozaliwa kuliko mimi mwenyewe, maana ndiye aliyeniandikisha shule. Akaniuliza, polepole, tangu lini Kelele akawa na mdogo. Nikamjibu tangu Agosti. Alinitazama, akamtazama Tomos aliyekuwa bado ameinama mpaka chini, akashusha miwani. Akasema basi mdogo wako arudi Jumatatu na kadi mpya, nyeusi, na huyo bibi wa tofu mtamwendea wenyewe. Tulimwendea. Alitupiga wote wawili kwa upawa, kidogo, kisha akatupa tofu ya moto.

Jumapili tuliketi dukani kuandika upya kadi zile, mimi upande huu wa meza, yeye upande ule. Upande wa lugha yetu niliandika vizuri, si unajua mwandiko wangu nikitulia. Akanisogezea nusu ya zile za Kiingereza. Akasema, andika tu Sol-bi.

Mkono ulisimama, Kaka. Herufi nazijua kwa sura kama ninavyowajua wateja wa mara moja moja, lakini kuwapanga nani akae wapi, hapana. Nikasema mvuke wa supu umeniingia machoni. Akanisubiri. Nikapangusa macho. Akazidi kunisubiri. Ndipo akauliza, bila kejeli yoyote, kama kwenye nyumba yetu kuna anayesoma Kiingereza. Nami nikajibu kwamba mimi mwenyewe sikihitaji, mimi mambo yangu yamekaa sawa. Ila ninaye mdogo wangu.

Umeshaona ninakokwenda. Nilimwambia ninaye mdogo wangu yuko Ulsan kwenye kazi ya meli, pale pale ulipokuwa wewe, aliacha shule mwaka wa pili wa sekondari ya juu, na kila akifanya ule mtihani wa Aprili, ule wa sisi tulioachia njiani, Kiingereza kinamwangusha. Kichwa kigumu, nikasema. Tumemchoka.

Tangu siku ile Tomos akawa anaandika mazoezi kwa ajili ya "mdogo wetu". Kila Jumatatu ananipa karatasi nitume Ulsan. Naziweka ndani ya helmeti, nazifanya kwenye ghala la kabichi zetu za kimchi nimekalia pipa, Ijumaa namrudishia nikisema zimefika kwa basi. Ulipoingia jeshini nikasema zinakwenda kambini. Alizisahihisha zote, kwa kalamu nyeusi maana nyekundu hagusi tena, na pembeni anaandika maneno. Mwanzoni maneno yenyewe yalikuwa jaribu tena, jaribu tena. Mwezi wa Desemba aliandika sentensi moja ndefu kwa lugha yetu, imepinda huku na huku, nimeikata naitembeza kwenye pochi. Inasema: Mwambie mdogo wako yeye si mjinga, aliharakishwa tu.

Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Na hata hapo hakuniambia mimi.

Sasa asubuhi ya Mwaka Mpya. Ulitukosa sana, nafasi yako mbele ya picha ya Baba nilisimama mimi, na sikukosea kitu ila kumwaga pombe kidogo kwenye peasi za tambiko. Tulipomaliza, Mama akaketi kupokea salamu. Tomos akashuka kutoka juu amevaa suti, na safari hii kizingiti alikikwepa. Akamwinamia Mama mpaka sakafuni, magoti, viganja na paji la uso, kwa mpangilio ule ule niliomfundisha, ukiangalia kwa nyuma hujui kama si mtu wa Sanbuk. Mama machozi yakamtoka. Halafu, kabla sijawahi kukimbia, akanigeukia mimi. Magoti, viganja, paji la uso. Mzima mzima, mwalimu wa shule, kwenye sakafu, mbele yangu niliyevaa suruali ya michezo. Kisha akatoa kifurushi kwa mikono miwili. Ndani yake soksi, nzuri, za sufu, zimefumwa nyoka wa kijani. Akasema, "Kaka, huu mwaka ni wako. Mwaka wa Nyoka umekurudia. Upate baraka nyingi."

Mama akatazama soksi. Akanitazama mimi. Akacheka kile kicheko chake cha kutikisa mabakuli, akasema, "Nani nyoka? Huyu? Huyu Jogoo, mwanangu! Elfu mbili na tano, tena mwishoni, nilimzaa tunavuna kabichi! Nyoka ni yule aliyeko jeshini."

Nilitamani sakafu yetu yenye moto chini yake inipike papo hapo.

Wale wanyama Tomos amewafundisha watoto kwa Kiingereza, anawajua kwa mpangilio. Nilimwona anahesabu kwa vidole: Nyoka, Farasi, Kondoo, Nyani, Jogoo. Kidole cha Farasi kilikuwa chake. Alipofika Jogoo alikunja mkono. Mimi bado nikajaribu. Nikamwambia si kila bakuli la supu ya mchele ya Mwaka Mpya linamwongezea mtu mwaka mmoja? Basi mimi niliyala manne ya ziada utotoni, Mama shahidi. Mama akasema ni kweli, huyu ni mlafi. Siku nyingine yoyote Tomos angecheka. Alimshukuru Mama, akaacha bakuli lake limejaa, akapanda juu. Kizingiti alikigonga.

Siku mbili hakushuka kula. Nilimpelekea supu mlangoni, nikaikuta imepoa. Na Kaka, mimi unanijua, sikosi usingizi kwa mtu. Lakini mtihani ni Aprili, na nilikaa juu ya lile pipa na karatasi tupu nikaona kwamba bila yule mtu siwezi, na kwamba hata ningeweza, nisingekuwa na wa kumwonyesha.

Siku ya tatu akashuka. Alikuwa na daftari la kijani. Hakuja kwangu, alikwenda moja kwa moja kwa Mama aliyekuwa anakata vitunguu, akamwomba amsomee Sheria za Kaka, moja baada ya nyingine, amwambie ipi ya kweli. Mama akachukua kalamu ya kuandikia maagizo ya wateja. Mikono miwili, kweli. Kijiko, kweli. Kugeuza uso, kweli, mpaka akasifu. Halafu akasimama. "Kuosha pikipiki kila Jumamosi? Nani kasema? Kipande cha mwisho cha nyama? Jun-bae!" Alizikata sheria saba na kunitupia kitunguu kimoja kwa kila sheria. Wateja walifurahi sana. Meza ya pili waliomba asome upya ile ya kuchelewa kuamka.

Tomos akavuta kiti akakaa. Akanitazama, na akanisemesha kwa mara ya kwanza bila "Kaka" wala "tafadhali", wazi wazi kama anavyosemeshwa mtoto wa nyumbani. Akasema, "Jun-bae. Lete kimchi."

Nikaleta. Kwa mikono miwili.

Akasema keti. Nikaketi. Akanimiminia kinywaji kwa mkono mmoja, nikageuza uso pembeni kukinywa. Kisha akatoa mfukoni rundo la karatasi, zile za mdogo wetu wa Ulsan, zenyewe kabisa, maana mimi alikuwa akinirudishia nakala. Akaziweka mezani, akanusa moja, akanionyesha doa la mafuta ya pilipili, na lingine, na jani la kitunguu lililokaukia kwenye swali la nne. Akasema amekuwa akishangaa miezi mitatu kwa nini meli za Ulsan zinanukia supu ya Mama. Akauliza, nani anafanya mtihani Aprili?

Mimi, ambaye sijawahi kukosa jibu, nikainua mkono, kama darasani.

Akazipanga tena karatasi zile. Halafu akasema kosa si mwaka. Mwaka angenisamehe siku ya pili, kwao hakuna anayeuliza. Kilichomkaa kooni ni kwamba alikuwa na mwanafunzi mzuri amejificha nyuma ya kaka mbaya. Akasema sasa hivi anamtaka mwanafunzi. Kila siku saa tisa, duka likitulia, meza ya dirishani, si kwenye pipa. Na sheria ya kuosha pikipiki, ingawa Mama ameikata, yeye ameipenda, anaibakiza: kila Jumamosi nitakuwa naosha baiskeli yake. Chakula cha siku ile alilipa yeye. Nilijaribu kuwahi, akanipiga mkono kwa kijiko. Nikasimama, nikainama, nikamwambia shikamoo, Kaka. Sikufa. Aliitikia marahaba vibaya sana, sauti ya puani, nitamfundisha.

Ndipo alipokumbuka bahasha ya buluu.

Kaka, hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Wiki ile kabla ya Mwaka Mpya, Tomos alimhurumia mdogo wetu aliyeko kambini bila kitabu. Akamwomba Mama anwani, Mama akampa bila kuuliza, akamwandikia barua kwa Kiingereza chepesi, awe na cha kusoma. Akaituma kwa jina lako. Kwa hiyo wewe, uliyemaliza chuo cha ufundi ukiwa wa tatu, utafungua barua ya mtu usiyemjua anayekwambia usione haya kwa kuacha shule. Nimekuvika aibu yangu, nikavaa miaka yako. Naomba msamaha kwa yote mawili.

Na nikishaanza acha nimalize. Mama huwaambia watu niliacha shule kwa sababu ya ugonjwa wa Baba, na wewe umeamini, na nadhani ndiyo maana ulikuwa unanunua viatu vyangu kwanza. Si kweli. Baba alinisihi nirudi. Niliacha kwa sababu darasani nilikuwa wa mwisho na kwenye pikipiki nilikuwa wa kwanza. Mtihani nilifeli mara mbili. Mara ya tatu, ile niliyokwambia kwenye simu kwamba nimekosa kidogo tu, sikuingia hata getini. Nilikaa stendi ya basi nikala mandu za nyama mpaka wenzangu wakatoka.

Mara hii nitaingia. Fomu nimejaza jana, mwaka wangu mwenyewe, elfu mbili na tano, na Bwana Hwangbo ndiye aliyenipigia picha ya pasi. Nitafaulu, andika mahali. Kiingereza changu sasa kinaogopesha. Juzi nilimgombeza Kongi kwa Kiingereza akajificha.

Basi naomba kitu kimoja. Ile barua si yako, ni yangu. Nirudishie. Kama hujaifungua, usiifungue. Kama umeifungua, usiniambie inasema nini. Tomos anajua kilichomo na anaishi ngazi kumi na tatu juu ya kichwa changu, lakini nimemkataza asiseme zaidi ya hapo. Nataka ije kwa posta, niisome mwenyewe pale dirishani, neno kwa neno, kamusi imefungwa. Sijawahi kuandikiwa barua.

Pamoja na hii utapata kifurushi. Ni zile soksi. Nimezivaa mara moja tu na nimezifua. Nyoka ni wako, na mwaka ni wako. Vaa ndani ya buti, sajini hataona. Wa kwangu uko mbele miaka minne, nitausubiri.

Mama anauliza kama umekula. Kongi anakutikisia mkia. Tomos anakupa shikamoo, safari hii kwa mtu sahihi. Linda miguu yako, na ukirudi usiguse koti lako lile la kijivu, nimelizoea.

Ni mimi mdogo wako wa kweli, hakuna mwingine,

Tak Jun-bae,
Jogoo.